Stedi Tupu, Mfuko Tupu: Gor na Ingwe Zitaishi Aje Bila Nyinyi?

FKF Premier League ilirudi 2021, msimu wa 2021/22, na mageti ya stedi yalikuwa bado yamefungwa. Ulikuwa unacheki gemu kwa TV kama uko na king'amuzi, ama unafuata skoa kwa Twitter kama uko sapa kama wengi wetu. Lakini kule juu kwa viti hakukuwa na mtu. Unajua ile sauti ya gemu bila watu. Kocha akimtusi beki, unasikia kila neno, hadi lile la kikwao.

Watu wameongea sana venye gemu imekosa stimu. Sawa, imekosa. Lakini mimi nauliza swali la landlord: nani analipa? Mchezaji wa Gor ako na rent. Yule wa Ingwe ako na mtoi wa kupeleka shule. Na klabu ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka bila hata soo mbili ya geti.

Acha tuanze na wakubwa, halafu turudi nyumbani.

Manchester United walitoa hesabu zao 2021. Msimu wote wa 2020/21, siku za mechi ziliwaletea pauni milioni 7.1. Msimu wa nyuma yake, ambao corona iliharibu mwisho mwisho tu, walikuwa wamepata milioni 89.8. Soma hizo namba tena. Hiyo si kushuka, hiyo ni kuanguka kutoka ghorofa ya kumi. Na bado Agosti 2021 wakaenda wakamrudisha Ronaldo. Wametoa wapi hiyo ganji? TV. Pesa ya kuonyeshwa iliwaingizia zaidi ya pauni milioni 250 msimu huo huo. Stedi ilikuwa tupu, lakini sisi wote tulikuwa kwa kochi tukicheki, kwa hivyo biashara yao haikufa, ililegea tu.

Arsenal nao, timu ya presha, walifuta watu 55 kazi Agosti 2020. Halafu Oktoba ikasemekana ata yule jamaa anavaa kama dinosa, Gunnersaurus, ameachwa aende, juu kama hakuna watoto kwa stedi anapungia nani mkono? Mesut Özil akasema atamlipa mshahara yeye mwenyewe. Ukiwa fan wa Arsenal hii Nairobi ulikuwa unacheka huku unalia.

Barcelona walikuwa wanadaiwa kabla hata corona haijajulikana jina, juu ya mishahara yenye haina akili. Stedi ya watu karibu laki moja ilipofungwa, uwongo ukaisha. Rais wao Joan Laporta alisema deni ni euro bilioni 1.35, na Messi akaondoka Agosti 2021 akitokwa na machozi mbele ya kamera.

Lakini nataka ukumbuke jina moja lenye pengine hujawahi sikia: Macclesfield Town. Klabu ya Uingereza, ilianzishwa 1874. Septemba 2020 korti iliamua ifungwe juu ya madeni ya zaidi ya pauni laki tano. Usiniambie ni corona peke yake, juu wachezaji wao walikuwa wanacheleweshewa mishahara hata kabla. Corona ilipata nyumba tayari inavuja, ikaleta mvua. Na hii ni huko kwenye Premier League ilitoa pauni milioni 250 kusaidia ligi za chini, nyingi ikiwa ni mkopo. Klabu ndogo Ulaya hazina TV ya maana. Zinakula kwa geti. Geti ikifungwa, jikoni inazima.

Sasa jiulize: klabu za Kenya zinafanana na Man United ama na Macclesfield?

Geti yetu ilikuwa inaleta ngapi kwanza?

Hapa watu wa klabu hawapendi kuongea. Tufanye hesabu ya kawaida. Sikumaliza college, niliacha kabla hatujafika kwa mizania, lakini kuzidisha na kugawa najua. Tuseme tiketi ni soo mbili, na watu elfu kumi wamekuja. Hiyo ni Sh2 milioni. Inasikika poa. Kutoka hapo toa pesa ya stedi, makarao, mastewadi, ambulensi, marefa, na watu wa kuchapisha tiketi. Halafu toa wale wameingia bila kulipa: shemeji ya mtu wa geti, kijana ameruka ukuta, msee ameshika tiketi feki, mheshimiwa na mbogi yake ya watu kumi na mbili wote VIP. Chenye kimebaki ndio kinafika kwa klabu, kama hakijashuka njiani.

Na watu elfu kumi hawakuji kila wiki. Kuna Mashemeji, kuna gemu kubwa moja mbili, halafu kuna Jumatano saa nane mchana Machakos, ambapo fans mnajuana wote kwa majina.

Kwa hivyo mtu anaweza kuambia, "Buda, geti haikuwanga pesa ya maana, si wasahau tu." Hapo ndio nakataa. Shabiki wa Gor hakuwa anauza tiketi tu. Alikuwa anauza klabu. Kampuni ikiweka jina kwa kifua cha Gor Mahia, hainunui viatu vya mchezaji, inanunua ile bahari ya kijani kutoka City Stadium hadi Nyayo, nyimbo, tarumbeta, picha zenye zinajaa kila simu hiyo jioni. Hiyo ndio mali. Gor, iliyoanza 1968, na Ingwe, iliyoanza 1964, hazina kiwanda, hazina benki, hazina stedi yao. Ziko na watu. Ukiondoa watu, unabaki unauzia mdhamini nyasi. (Na naongelea mdhamini, si ule sponsa wa campus. Ingawa tabia zinafanana: siku akikasirika anabadilisha namba.)

Wadhamini wenye hawakai

Na wamebadilisha namba kweli. SuperSport waliondoka 2017 kwa ugomvi wa ligi kuongezwa hadi timu 18. SportPesa, wenye walikuwa wanabeba ligi, Gor na Ingwe kwa mkupuo mmoja, walikata kila udhamini wa hapa Agosti 2019 baada ya vita na serikali kuhusu ushuru na leseni. Kwa hivyo msimu wa 2019/20 ulianza bila mdhamini mkuu, na kabla mwaka uishe SoNy Sugar walikuwa wameshindwa kufika kwa gemu hadi wakatolewa kwa ligi. Hiyo ni kabla ya corona. Tafadhali tusiandike historia kama ni virusi vilituua.

Halafu Machi 2020, siku chache tu baada ya Mashemeji, kesi ya kwanza ikatangazwa. Ligi ikasimama. Mwisho wa Aprili FKF ikasema msimu umeisha, Gor mabingwa, na kesi zikaanza. Wachezaji wakarudi mashambani. Wengine walikuwa wanaosha magari, wengine mjengo.

Ligi iliporudi Novemba 2020 bila mashabiki, karatasi zilikuwa zinang'ara. BetKing: Sh1.2 bilioni kwa miaka mitano. StarTimes: Sh110 milioni kila mwaka kwa miaka saba. Gawa na mimi. Pesa ya BetKing kwa mwaka ni Sh240 milioni. Ukigawia timu 18 sawa sawa, bila kukata kitu ya zawadi, marefa wala ofisi, ni kama Sh13 milioni kila timu. Ya StarTimes ni kama Sh6 milioni. Jumla Sh19 milioni, kwa hesabu ya mbinguni, ambapo hakuna mtu anakata kitu.

Sasa chukua klabu iko na watu thelathini, wachezaji pamoja na makocha, na uwalipe wastani wa Sh40,000. Hiyo ni Sh1.2 milioni kwa mwezi, Sh14.4 milioni kwa mwaka. Haujanunua mafuta ya basi kwenda Kakamega na Mombasa. Haujalala hoteli. Haujapima corona kikosi chote. Haujanunua hata chupa ya maji. Na watu wa Sh40,000 ndio hao utasikia wakiitwa "mastaa" kwa redio.

Na hiyo ya BetKing ilienda. Mwaka mmoja wa mitano, kwaheri. Msimu wa 2021/22 ligi ilianza bila mdhamini mkuu. Ile Sh13 milioni yenye tulikuwa tunagawa hapa kwa kalamu nzuri, ifute.

Unaona sasa shida ya stedi tupu? Kampuni inaangalia: hakuna watu, hakuna kelele, hakuna picha, TV yenyewe inaonyesha viti vya plastiki. Inajiuliza inalipia nini. Geti ilifungwa mara moja lakini pesa inatoka kwa mlango tofauti tofauti.

Tusker walibeba. Ulishangaa?

Mimi sikushangaa. Angalia juu ya jedwali la msimu wa 2020/21: Tusker mabingwa, KCB wa pili. Moja ni ya kampuni ya pombe, ingine ni ya benki. Tembea chini kidogo uone Bandari wa bandari, Ulinzi wa jeshi, Posta Rangers wa posta. Hizi timu hazikuwa na mashabiki wengi hata kabla, wacha tuseme ukweli. Corona haikuwaondolea kitu. Mshahara wa mchezaji unatoka kwa bajeti ya ofisi, tarehe inajulikana, na msee anaingia mazoezini akiwa amelala na ameshiba.

Huku kwa klabu za wananchi ni kinyume. Gor walikuwa na Betsafe, Sh55 milioni kwa mwaka, hiyo ni kama Sh4.6 milioni kila mwezi. Mtu wa kawaida anaona hiyo ni doo mob. Lakini kuna madeni ya zamani, kuna kesi za makocha na wachezaji waliofutwa kiholela, kuna safari za Afrika. Desemba 2020, wiki za mgomo wa mazoezi kuhusu mishahara, wakaenda Algiers kucheza na CR Belouizdad kwa CAF Champions League. Sita bila. Siku moja baada ya Krismasi. Wasee wakatoa memes. Mimi sikuona ni jambo la kuchekesha hivyo. Ukikaa bila mshahara miezi, halafu ukimbizwe na watu wenye wamelipwa, utafanya nini?

Halafu Julai 2021. Gor na Ingwe walicheza fainali ya Cup, Gor wakashinda kwa penalti. Zawadi ilikuwa Sh2 milioni kwa bingwa na Sh1 milioni kwa wa pili. Hiyo pesa haikutoka kwa wakati, na ikifika Mashemeji ya ligi, timu zote mbili zikakataa kuingia uwanjani. Fikiria hiyo kitu vizuri. Gemu kubwa kuliko zote nchini, yenye watu hupigania hadi na mabibi zao, imekufa kwa sababu ya milioni tatu. Kama mageti yangekuwa wazi, hiyo gemu peke yake ingeweza kuleta karibu hiyo pesa. Na hakuna kiongozi angethubutu kuiruka akijua watu elfu ishirini wako nje na jezi.

Mashabiki walikuwa pesa, lakini pia walikuwa askari. Chairman anaogopa nani kama hakuna mtu wa kumzomea?

Wale hawako kwa hesabu

Kuna watu hakuna mizania itawataja. Mama wa mayai na smokie nje ya Nyayo. Jamaa wa jezi za kijani na za chui, zile za soo tano ambazo si orijino na kila mtu anajua si orijino. Wa vuvuzela, wa kupaka watu rangi usoni, wa kubebea wazee viti. Makanga anapigia mathree nduru "Kasarani Mashemeji hamsini hamsini." Hawa waliamka Machi 2020 wakapata siku yao ya kazi imefutwa kwa kalenda. Hakuna mtu aliwaita kwa mkutano. FIFA ilitoa msaada wa corona, dola milioni moja na nusu kwa kila shirikisho la nchi, na hiyo si ya mama wa mayai, najua. Lakini hata klabu zilikuwa zinauliza maswali juu yake.

Na kuna hatari ingine yenye watu wanaongea kwa sauti ya chini. Mchezaji hajalipwa miezi mitatu. Simu inalia. Msee hamjui anamwambia, "Achilia bao moja tu kabla ya hafu taimu, nakutumia thao hamsini." Stedi ni tupu, hakuna fan wa kusema "huyu amefanya makusudi." Mwaka wa 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliokuwa Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo, mmoja wao maisha yake yote. Mwaka wa 2021 Zoo FC ya Kericho ikatolewa kwa ligi na FIFA kwa hiyo hiyo stori. Sisemi njaa ni ruhusa. Nasema ukimwacha mtu na njaa karibu na kampuni za kubet, usijifanye umeshtuka.

Wajerumani walifanya kitu, na tulikuwa na M-Pesa bana

Sasa sikiza hii. Kuna klabu Ujerumani inaitwa Lokomotive Leipzig. Wakati huo ilikuwa divisheni ya nne huko, timu ya mtaa tu. Mei 2020, hakuna gemu, hakuna geti. Wakatangaza mechi dhidi ya adui asiyeonekana. Tiketi euro moja, kama Sh115 wakati huo. Hakuna gemu yoyote! Unalipa, unapata tiketi ya kitu hakipo. Waliuza zaidi ya 120,000. Walitaka kuvunja rekodi yao wenyewe ya umati wa 1987, waliocheza nusu fainali ya Cup Winners' Cup ya Ulaya.

1987. Huo ndio mwaka Gor Mahia walishinda Cup Winners' Cup ya Afrika hapa Nairobi. Klabu mbili, mwaka moja, kombe la aina moja. Lok walifika fainali wakapigwa na Ajax, Gor walishinda lao. Kwa makaratasi sisi ndio wakubwa.

Halafu Gor ama Ingwe ziko na mashabiki wangapi? Kila chairman atakuambia mamilioni. Tuseme wanatudanganya, ni laki moja tu. Laki moja mara soo moja ni Sh10 milioni. Kwa nchi yenye hata wa mboga ako na Till, hiyo ni kazi ya wikendi. Haihitaji stedi, haihitaji makarao, haihitaji mtu wa kuchapisha tiketi feki.

Mbona haijafanyika vile inafaa? Michango imekuwa, Paybill zimetangazwa, na kuna watu wametuma. Lakini uliza shabiki yeyote kwa base na atakuambia kitu moja: "Nikituma, inaenda kwa nani?" Lok Leipzig walikuwa wanaweka namba kwa mtandao, kila mtu anaona tiketi zikipanda. Hapa unatuma soo, unapata meseji ya Safaricom, na hiyo ndio mara ya mwisho wewe na hiyo soo mnaonana. Hakuna orodha, hakuna ripoti, hakuna picha ya slipu ya mishahara imelipwa. Klabu inataka pesa ya mwanachama lakini haitaki maswali ya mwanachama. Wanachama waliosajiliwa ni wachache kabisa ukilinganisha na kelele, na kuna viongozi wenye hawaoni hiyo ni shida, juu mwanachama ako na kura na fan wa vuvuzela hana.

Kama ningekuwa na klabu ningefanya kitu kidogo sana. Kila Ijumaa saa kumi, napost: tumepata hii, tumelipa hawa, tumebakisha hii. Wiki nne mfululizo. Halafu naomba soo. Ukiona nimenyamaza Ijumaa moja, usitume.

Ingwe nao waliingia msimu wa 2021/22 wakiwa wamefungiwa na FIFA kusajili, juu ya madeni ya kocha na wachezaji wa zamani. Kwa hivyo kocha wao wa wakati huo, Patrick Aussems, ilibidi aokote vijana wa akademia awapeleke kwa timu kubwa. Kulikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa pahali, usiku anaosha daluga, anaota kuvalia ile jezi mbele ya watu wa Nyayo wakiimba jina lake. Angevaa. Watu hawangekuwa. Na kuhusu fare ya kutoka mazoezini Jumatatu, alikuwa bado hajaambiwa.